Visahani vya gofu vinapasuka na kunata: ni feki, au ni jua la Tabora?

*"Habari za kazi, mtaalamu. Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Tabora na ndiye msimamizi wa michezo. Mwaka jana mgeni alituachia boksi la visahani 24 vya gofu, vile vinavyorushwa hadi kwenye kikapu cha minyororo. Wanafunzi wamevipenda mno. Vikapu tulichomelewa na fundi kwa nondo. Sasa visahani visivyong'aa vimeliwa ukingo wote, viwili vimepasuka, kimoja kinanata mkononi, vitatu vimepinda. Vile vinavyopitisha mwanga viko karibu vizima. Mwenzangu anasema tulipewa feki, kwamba vya kampuni havichakai. Fundi amejitolea kuziba nyufa kwa chuma cha moto. Tena wanafunzi wanalalamika kwamba vile vya kurushia mbali vyote vinakata kushoto kabla ya kufika. Tuna hela kidogo ya kuongeza vingine. Tununue vya aina gani, na tuvitunzeje visituishie ndani ya mwaka?"*

Mwalimu, hongera kwa kazi, na asante kwa kueleza kinagaubaga. Ungeandika tu kwamba "vimeharibika" nisingekuwa na la kukusaidia. Ukiisoma tena barua yako utaona umetaja mambo matano, na kila moja lina chanzo chake. Kuliwa ukingo ni uchakavu wa kawaida. Kupinda ni joto. Kupasuka ni jua likisaidiana na mapigo. Kunata ni kemia ya plastiki. Kukata kushoto, kwa sehemu kubwa, hakuhusiani na ubovu wa kisahani.

Nianze na hilo la feki, maana ndilo linaloweza kuwapotezea hela. Kampuni inayojulikana huchukua kalibu moja na kutoa humo kisahani chenye jina moja na umbo moja kwa madaraja kadhaa ya plastiki, kuanzia ya bei ya chini hadi ya juu. Innova ya Marekani, iliyoanza mwaka 1983, huandika DX kwenye daraja lake la chini, na Champion au Star kwenye ya juu. Discraft huandika Pro-D kwa la chini, Z au ESP kwa la juu. Geuza visahani vyako usome mhuri wa juu na maandishi ya upande wa chini. Natarajia utakuta vilivyoliwa ni vya daraja la chini na vinavyopitisha mwanga ni vya juu, na vyote ni halali. Daraja la chini limetengenezwa liwe nafuu na lishikike vizuri mkononi, na sifa hizo zinalipiwa kwa kuchakaa haraka. Mwenzako anakosea anaposema vya kampuni havichakai. Vyote vinachakaa, ila kwa mwendo tofauti.

Sababu iko kwenye plastiki yenyewe. Daraja la chini kwa kawaida ni mchanganyiko wa jamii ya polithini na polipropilini, wenye vijazo na pengine kiasi cha plastiki-mpira. Kila kampuni inaficha vipimo vyake. Uso wake ni laini. Kikigonga changarawe, jiwe linachimba shimo na kuinua kijinundu pembeni mwake, na hicho kijinundu ndicho kinachokwaruza kidole wakati wa kuachia. Daraja la juu ni poliurethani, yenye mnyumbuko wa mpira: jiwe linaibonyeza, kisha inarudi ilivyokuwa. Ndiyo maana ardhi yenu ya kiangazi, iliyokauka na kujaa kokoto, inakula ukingo wa DX ndani ya miezi michache huku Champion ikibaki na mikwaruzo tu.

Sasa hili la kukata kushoto, kwa sababu linafungamana na uchakavu. Mchezaji wa mkono wa kulia anayerusha kwa kupitisha mkono mbele ya kifua hukizungusha kisahani kwa mwelekeo wa mishale ya saa, na kisahani cha namna hiyo mwisho wa safari huinamia kushoto. Kila kisahani kina kasi ambayo umbo lake linahitaji ili kinyooke. Kisipoipata, kinaanza kuinama mapema. Vile vyenye ukingo mpana na makali membamba vinahitaji mkono wenye nguvu nyingi kuliko alio nao mwanafunzi wa kidato cha kwanza. Halafu Tabora iko kama mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ni nyepesi kwa takriban sehemu moja ya kumi kuliko Dar es Salaam. Hewa nyepesi hukibeba kisahani kidogo na hukifanya kielekee kushoto mapema zaidi. Kisahani kilichonyooka vizuri Dar kinaweza kukata kwenu bila kuwa na kasoro yoyote. Na jambo ambalo wanafunzi watalifurahia: kisahani cha masafa kilicholiwa kiasi hupunguza tabia hiyo ya kukata. Hivyo usivitupe vile vilivyochakaa ukingo. Wape wenye mkono mwepesi.

Kuhusu kiwandani, nieleze kwa urefu kidogo, maana ubora wa kisahani unaamuliwa pale kabla jua halijakigusa. Plastiki hufika kiwandani ikiwa punje. Punje za poliurethani hunyonya unyevu wa hewani, kwa hiyo lazima zikaushwe kwa saa kadhaa kwenye hewa ya moto. Zikiyeyushwa na unyevu wake, maji yanakata minyororo ya molekuli humo humo ndani ya mashine, na kisahani kinatoka na viputo au na udhaifu usioonekana kwa macho. Plastiki iliyoyeyuka, kwenye nyuzi 200 hivi za Selsiasi, inasukumwa kwa nguvu ndani ya kalibu ya chuma. Kwenye visahani vingi inaingilia katikati, na ukipapasa upande wa chini utakuta kinundu kidogo pale ilipoingilia. Kisha inapoozwa. Bamba la katikati ni jembamba, linaganda mapema. Ukingo ni mnene, unachelewa na unaendelea kusinyaa. Mvutano kati ya hivyo viwili ndio unaoamua kisahani kitoke bapa au kitoke na mbinuko juu, na ndio unaobaki umefungiwa ndani kwenye maungio ya bamba na ukingo.

Hapo ndipo visahani viwili vya jina moja vinapotofautiana. Mfanyakazi akikitoa kisahani kwenye kalibu mapema mno, kinaendelea kupinda nje. Shinikizo likiachiwa kabla ukingo haujaganda, ukingo unabonyea kwa ndani na uzito unapungua. Rangi tu ikibadilishwa, kiasi cha kusinyaa kinaweza kubadilika. Mbinuko ukiwa tofauti, au mstari unaoonyesha kalibu zilipokutana kwenye ukingo ukikaa juu zaidi au chini zaidi, mruko nao unabadilika: mstari wa juu huongeza kukata mwishoni, wa chini hupunguza. Tofauti hizi hutokea kwenye viwanda vizuri kabisa, wala si dalili ya ubandia.

Turudi kwenye nyufa. Mionzi ya jua ya urujuanimno, ikisaidiwa na oksijeni, hukata minyororo ya polithini na polipropilini kuanzia juu kuingia ndani. Mnakaa nyuzi tano tu kusini mwa Ikweta. Mwanzoni mwa Oktoba jua linapita utosini, na kwa kawaida mvua bado hazijafika. Kisahani kinachosahaulika uwanjani wiki nzima wakati huo kinaota tabaka jembamba gumu juu. Likigongwa na nguzo, tabaka hilo linapasuka kwanza, na ufa ukishaanza haukomei juu. Unapenya hadi kwenye plastiki iliyo nzima chini yake. Kama palikuwa na mkwaruzo wa jiwe, ufa unaanzia hapohapo. Kama ni kwenye maungio ya bamba na ukingo, mvutano wa kiwandani unausaidia kukimbia. Chukua vile viwili uangalie: naamini nyufa ziko kwenye maungio hayo au zinaanzia kwenye kinundu cha katikati. Kupima vilivyobaki, sugua uso wake kwa kitambaa cheusi kikavu. Kikitoka na unga mweupe au wa rangi ya kisahani, jua limeshakila. Kisha ukikunje taratibu kwa mikono miwili, kidogo tu, ukiutazama mwanga. Mistari meupe inayojitokeza kwenye maungio na haipotei unapoachia ni nyufa zinazojiandaa.

Fundi wako ana moyo mzuri, lakini mkatalie. Kwenye plastiki za daraja la chini, chuma cha moto kinaweza kuunganisha ufa, ila kinaacha donge linaloharibu mizani ya kisahani, na pembeni mwa donge plastiki iliyoungua inakuwa dhaifu kuliko mwanzo. Kwenye poliurethani ni hatari kwa afya: ikiungua hutoa moshi wenye sumu, ikiwemo gesi ya sianidi. Kwa sababu hiyohiyo msivichome visahani vibovu pamoja na taka za shule. Supaglu nayo haishiki polithini. Itabanduka kwenye rusho la kwanza. Hata ingeshika, kanuni za PDGA, chama cha kimataifa cha wachezaji wa mchezo huu kilichoanzishwa mwaka 1976, zinakataa kisahani chenye ufa au tundu. Kinachoruhusiwa ni kusugua kwa kiasi ili kuondoa mikwaruzo na mabaki ya kalibu. Hapo ndipo mtumie nguvu zenu: msasa namba 220 kuondoa vijinundu vilivyosimama ukingoni, kisha 400 kulainisha, mkisugua kufuata mzunguko wa ukingo na kuacha mara tu kidole kinapopita bila kukwama. Msitafute kuurudisha ukingo kama mpya. Kila mnachosugua ni uzito unaondoka.

Kinachonata ndicho ningependa ukichunguze vizuri zaidi, kwa kuwa kina sababu tatu zinazowezekana. Kioshe kwanza kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo, ukikaushe kivulini, ukiache siku mbili. Kunata kukiisha na kusirudi, ulikuwa uchafu au utando wa viungio vilivyopanda juu kutoka ndani ya plastiki, na hakuna tatizo. Kukirudi sehemu za kushikia tu, waulize wanafunzi kama hujipaka dawa ya kufukuza mbu kabla ya mchezo wa jioni. Dawa nyingi za namna hiyo zina kiambato kiitwacho DEET, ambacho hulainisha baadhi ya plastiki, poliurethani ikiwemo. Dawa ni muhimu, mbu wa huko hawana mchezo. Wapake, kisha wanawe viganja kwa sabuni kabla ya kugusa visahani. Lakini kunata kukirudi kisahani kizima, na ukikibonyeza kwa ukucha alama inabaki, basi poliurethani yenyewe inavunjika. Aina moja ya poliurethani, ya jamii ya poliesta, huvunjwa taratibu na unyevu na joto hata ikiwa kabatini. Ni jambo lilelile linalofanya soli za raba zilizohifadhiwa miaka mingi zipukutike siku ya kwanza kuvaliwa. Aina nyingine, ya jamii ya polieta, inastahimili unyevu vizuri zaidi ingawa jua linaisumbua. Hali ya hewa ya Tabora, kavu kwa nusu ya mwaka, inawapendelea. Mwenye visahani Kigoma, kando ya ziwa, ana sababu zaidi ya kuogopa unyevu. Kisahani kilichofikia hatua hiyo hakiponi. Kitenge mbali na vingine.

Vitatu vilivyopinda vina matumaini. Nadhani vilikaa stoo chini ya bati, au kwenye buti la gari, ambako joto mchana linaweza kupita nyuzi 60, huku vikiwa vimeegemea au vimelaliwa na kitu. Chemsha maji, yaache yapoe hadi yawe ya moto sana lakini hayatokoti, uyamimine kwenye karai. Kizamishe kisahani kwa dakika moja, kitoe kwa koleo au kwa glavu, ukinyooshe kwa mikono, kisha ukilaze juu ya meza bapa ukingo ukiangalia chini mpaka kipoe kabisa. Usikiwekee uzito mzito juu, utalibonyeza bamba. Poliurethani hurudi vizuri. Daraja la chini hurudi nusunusu, na ukizidisha joto unaharibu umbo la ukingo moja kwa moja.

Utunzaji baada ya hapo ni rahisi. Visahani visimame kwa ukingo kwenye rafu ya mbao bila kubanwa, au vilale kwenye rundo fupi, katika chumba chenye dari na si kwenye stoo ya bati tupu. Visikae pamoja na mafuta ya taa, petroli, thina wala rangi. Vihesabiwe kila jioni kabla wanafunzi hawajatawanyika. Kisahani kilicholala kwenye nyasi usiku mmoja hakina neno, kilichosahaulika mwezi mzima kimekwisha. Andika namba na uzito wa kila kimoja upande wa chini kwa kalamu isiyofutika.

Vikapu vyenu vya nondo vinanitia wasiwasi kuliko jua. Sijaviona, lakini kazi ya kuchomelea huacha matone makali ya chuma kwenye maungio na ncha za nondo zilizokatwa bila kusuguliwa. Kisahani kinachoingia kwa kasi kikikwaruzwa hapo kinapata jeraha la kina kuliko kokoto yoyote. Pitisha kiganja chako taratibu kwenye mdomo wa kikapu na kwenye nguzo. Kila panapokukwaruza, fundi apapitishie greinda kisha apake rangi. Nguzo ivishwe mpira wa ndani wa tairi la baiskeli lililokwisha, kuanzia chini ya kikapu hadi kimo cha goti. Minyororo yenyewe haina madhara makubwa ikiwa imening'inia huru. Na kama mna nafasi ya kuchagua njia, ipitisheni kwenye nyasi na chini ya miembe, si juu ya barabara ya changarawe wala karibu na kona za zege.

Sasa manunuzi. Kwa hela ndogo, ushauri wangu ni kununua vichache vya daraja la juu badala ya vingi vya chini, isipokuwa vile vya kutumbukiza kikapuni kwa karibu. Hivyo vya karibu havirushwi kwa nguvu na vinahitaji kushikika, kwa hiyo daraja la chini linatosha. Vya masafa ya kati, ambavyo ndivyo vitakavyogonga miti na mawe, viwe poliurethani. Kwenye visahani vingi utaona namba nne, na ya kwanza ni kasi. Kwa wanafunzi wanaojifunza tafuta vyenye kasi ya 2 hadi 5, na vichache vya 7. Achana na vya 11 kwenda juu: vitakata kushoto kwenu hata vikiwa vipya, na makali yake membamba ni hatari kwa watoto. Uzito wa gramu 150 hadi 165 unawafaa. Kikomo cha PDGA ni gramu 8.3 kwa kila sentimita ya kipenyo, hivyo kisahani cha sentimita 21.2 hakipaswi kuzidi gramu 176 hivi. Mkiuziwa kinachodai ni halali na mizani ya jikoni inaonyesha 185, hapo neno feki lina nafasi yake.

Ukipata nafasi ya kuvishika kabla ya kulipa, weka kila kimoja juu ya kioo au meza bapa uone kama ukingo unagusa pande zote. Kizungushe ukipapasa mstari wa maungio; pasiwe na utepe mwembamba wa plastiki iliyozidi, na ukiwepo uwe wa kusuguliwa kwa dakika chache. Kielekeze kwenye jua utafute viputo na mabaka ndani ya ukingo. Bamba libonyee na kurudi lenyewe bila mlio wa kukatika. Vilivyotumika si vibaya kununua, mradi upime kwa kitambaa cheusi kama nilivyoeleza.

Yapo mambo ambayo barua haiwezi kuyamaliza. Suala la vikapu, waalike walimu wa uchomeleaji wa chuo cha ufundi stadi cha VETA hapo Tabora waje wavione. Ni kazi ndogo kwao na mafunzo kwa wanafunzi wao. Kama shule inafikiria kutengeneza visahani vyake, msianze kuyeyusha plastiki jikoni. Nendeni ofisi ya mkoa ya SIDO, shirika la viwanda vidogo, muulize kuhusu kalibu na mashine kabla ya kutumia hata shilingi. Mwanafunzi akipigwa jichoni, hata kama anasema anaona vizuri, apelekwe hospitali siku hiyohiyo.

Vile viwili vyenye ufa vitoe kwenye mchezo leo, maana kingo zilizopasuka zinachana vidole. Na kama bado mna mawasiliano na mgeni wenu, muulize visahani hivyo vilikuwa vipya au vilikaa wapi kabla ya kuja Tabora, na kwa miaka mingapi. Jibu lake litakuambia kama kile kinachonata kiko peke yake, au kama vingine vya boksi hilo vinafuata.